Safu ya Malori

Saa tatu kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumapili, tulifunga mlango wa ua na kushika njia ya mjini: mimi, binti yangu mkubwa wa miaka tisa, na mdogo wake wa miaka mitano. Saa hiyo naijua kwa sababu iliandikwa. Binti mkubwa aliiandika mwenyewe kwa penseli juu ya ukurasa, kama nilivyomzoesha: siku, saa ya kutoka, hali ya mbingu. Siku ile aliandika "mawingu kidogo".

Ulikuwa mwaka wa pili wa Katanga kujitenga, baada ya vita vya kwanza vya mjini na kabla ya vile vya pili. Wakati ule hatukujua kwamba vya pili vinakuja; tulidhani vita vimekwisha. Shule ya watoto ilikuwa imefungwa, na katika darasa la binti mkubwa ukuta mmoja ulikuwa na tundu ambalo mbuzi alipita bila kuinama. Mimi nilikuwa mtunza ghala katika duka la vifaa vya ujenzi. Duka halikuwa tena na saruji wala misumari wala wanunuzi, na mshahara ulikuja nusu nusu. Majirani wetu wengi wa Katuba, wenye asili ya Kasai kama mimi, walikuwa wamehamia kambini, kwenye mahema yaliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Mimi nilikataa. Baba yangu alikuja kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa hapa. Sikuona kwa nini mtu alale hemani katika mji aliozaliwa. Mke wangu alisema hiyo ni hoja ya mtu aliyesoma vitabu vingi bila mwalimu wa kumkosoa.

Basi Jumapili ndiyo ikawa shule. Watoto walifungiwa ndani wiki nzima kwa sababu ya risasi za huku na huku, na kufikia Jumamosi walikuwa wanapigana kwa ajili ya kijiko. Nilipanga matembezi yasiyotaka hata faranga moja: kutazama treni stesheni, kutazama vioo vya maduka makubwa mjini, kwenda mpaka mtaa wa Golf na kusimama barabarani kutazama majumba yenye bustani, ambayo mengi wenyewe walikuwa wamekimbia na maua yao yakaendelea kuchanua. Kanuni ya kwanza ilikuwa kutobeba pesa kabisa. Mtoto akijua kwamba baba ana faranga tano, hatazami treni, anatazama mfuko. Kanuni ya pili: kila mmoja ahesabu kitu. Mdogo alihesabu baiskeli, au kinga, kwa vidole. Mkubwa alihesabu mabehewa, akaandika idadi yake na saa yake katika daftari, au kaye kama tunavyosema kwetu, ambayo nilikuwa nimeipigia mistari kwa rula.

Mke wangu, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alitusindikiza kwa maneno mpaka mlangoni.

"Batoto ya benzako banaenda ku kanisa. Ya kwako banaenda kuhesabu makinga ya bantu."

"Banajifunza hesabu."

"Hesabu ya kinga ya mwingine inakusaidia nini? Utamurudishia mwenyewe?"

Tulicheka wote wawili. Nakumbuka hilo.

Stesheni hapakuwa na treni. Tulikaa juu ya ukuta mfupi mkabala na reli kwa zaidi ya nusu saa, na hakuna kilichosogea isipokuwa mbwa mmoja aliyekuwa akitembea juu ya vyuma vya reli kama mwenye miadi.

"Papa, treni haiko," binti mkubwa akasema. "Nihesabu nini sasa?"

"Hesabu kile kinapita."

Kilichopita ni malori. Aliandika "Malori" juu ya safu, na kila lilipopita lori alipiga alama na kuuliza saa, nami nilimsomea kwenye saa yangu ya mkononi. Alikuwa mtoto wa subira. Alipofikisha tisa nilichukua kaye kuikagua, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimelichunguza tangu wakati huo kwa kila upande na sijaliona likipungua.

"Malori ya nini?" nikamuuliza. "Lori ya bia na lori ya askari iko kitu moja?"

"Hapana, Papa."

"Basi huwezi kuyaweka mu safu moja. Kata safu mbili."

Rula ilikuwa nami. Ili vichwa vya safu vikae sawa niliviandika mimi mwenyewe, kwa herufi zangu za ghalani: Malori ya bia. Malori ya askari. Yeye akagawa alama zake. Ya bia, mawili. Ya askari, saba, kila moja na saa yake pembeni. Nikamwambia amefanya kazi safi.

Tukaenda kwenye maduka. Nusu ya vioo vilikuwa vimefunikwa kwa mbao, na katika duka moja la viatu vya watoto kulikuwa na jozi moja tu iliyobaki, nyekundu, ya mguu wa kushoto na mguu wa kushoto. Mdogo alilicheka kosa hilo mpaka akapata kwikwi. Saa sita na nusu tukaanza kurudi.

Asubuhi tulikuwa tumevuka reli bila kuulizwa. Sasa kwenye kivuko kulikuwa na mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na vijana wanne, wawili wakiwa na bunduki. Mmoja alivaa kofia ya askari na suruali ya kuchezea mpira. Sikujua walikuwa chini ya nani, na sijui hadi leo. Pembeni, chini ya mwavuli uliochanika, mama mmoja mtu mzima aliuza karanga za kukaanga kwenye sinia.

"Papa, unatoka wapi na basichana bazuri hivi?" akauliza mwenye kofia.

"Tunatoka kutembea, chef."

"Kutembea! Bantu banakufa, yeye iko anatembea. Lete buku."

Buku ilikuwa kitabu cha utambulisho. Alikifungua mahali panapoandikwa asili ya baba.

"Kasai."

"Ni baba yangu, chef. Miye nilizaliwa hapa."

"Hata panya inazaliwaka mu nyumba yangu. Nyumba iko yake?"

Wenzake walicheka, nami nikatabasamu, kwa sababu mtu mwenye watoto wawili mikononi hutabasamu. Bado haikuwa mbaya. Nilikwisha kuvuka vizuizi vya namna hiyo na nilijua kinachofuata.

"Bon. Toa franga makumi mbili ya bia, upite na batoto bako."

Nikasema sina. Akaniambia nitoe mifuko nje. Nikaitoa, yote minne. Kulikuwa na kitambaa na rula.

"Muntu muzima, na suruali ya pasi, anatoka ku nyumba bila hata franga moja! Unanichezea?"

Binti mkubwa akanisaidia.

"Siku ya Mungu hatubebake feza," akamweleza.

Walicheka tena, na hata mama wa karanga akacheka. Nadhani pengine wangetuachia kwa ajili ya kicheko hicho. Lakini yule kijana, akiwa bado anacheka, akamwinamia binti yangu.

"Na weye, mama, mu mukono iko nini?"

Alimpa kaye kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyompa mkubwa kitu. Uso wake ulikuwa wa mwanafunzi anayejua kwamba kazi yake ni safi.

Bahati mbaya kijana alijua kusoma. Nimeona vizuizini watu walioshika karatasi juu chini wakatikisa kichwa kwa hekima. Huyu alisoma kwa kidole, kwa sauti.

"Malori... ya askari. Saba. Saa ine na dakika kumi. Saa ine na dakika kumi na munane. Saa ine na..." Akarudisha kidole juu ya ukurasa. Kisha akasema polepole, "Nani aliandika hii?"

"Njo miye," binti yangu akasema.

"Na hii ya juu?"

"Ni mimi," nikasema.

"Unapelekeaka nani? Bale ba kofia ya bleu?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwamba ni zoezi la hesabu, kwamba shule imefungwa, kwamba vitu vya aina mbili havijumlishwi katika safu moja, kwamba kurasa za nyuma zina mabehewa na baiskeli. Akafunua kurasa za nyuma. Zilikuwa Jumapili kumi na moja: treni za shaba, idadi ya mabehewa, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Kila nilivyoeleza kwa utaratibu ndivyo nilivyozidi kufanana na mpelelezi waliyekuwa wakimtafuta.

Hofu yangu ya wakati ule haikuwa juu yangu. Nilijua wakinichukua, nitakuwa nimechukuliwa. Lakini kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto, na katikati kulikuwa na njia mbili ambazo sisi wenyewe tulizipita kwa kukimbia. Walikuwa wananifunga mikono kwa kamba ya pakiti, na mdogo alikuwa ameanza kulia kwa ile sauti nyembamba isiyo na pumzi.

Mama wa karanga akasimama.

"Weye kijana, spion gani anatembea na mutoto wa makamasi?"

"Mama, nyamaza. Uza karanga yako."

"Ninyamaze namna gani? Muko bane na bunduki mbili, munaogopa kaye ya mutoto! Mama yako anajua unafanyaka kazi hii?"

"Mama!"

"Basi baki na ule mukubwa, njo unamutaka. Batoto miye ninabeba."

Kijana alimtazama, akatema mate pembeni. "Beba. Yeye anabaki."

Yule mama hakuniuliza jina wala kabila. Aliniuliza njia gani, nyumba ya ngapi, akamweka mdogo mgongoni kwa kitambaa chake alichovaa kiunoni. Mkubwa hakutaka kwenda. Alikuwa ameshika mkanda wangu kwa mikono yote miwili. Nilimwambia "Enda" kwa sauti ambayo sikuwa nimemtolea kabla. Akaachia. Sinia lilibaki pale chini ya mwavuli, na kabla lori halijaja kunichukua wale vijana walikuwa wamekula karanga zote na kulamba chumvi.

Nilikaa siku tisa katika chumba kilichokuwa stoo. Rafu zilikuwa bado ukutani. Tulikuwa watu kumi na mmoja siku ya kwanza na sita siku ya mwisho, na hapakuwa na mtu aliyeingia. Nimeamua zamani kwamba nitaandika idadi hiyo tu. Kuhusu malori niliulizwa mara moja, na mtu aliyekuwa amechoka. Kaye ilikuwa mezani kwake. Aliweka juu yake kikombe cha kahawa, na nilipoitwa tena siku ya tano ilikuwa na duara tatu za kahawa juu ya jalada, na hakuna aliyeifungua.

Watoto walifika. Hilo nililijua siku ya tatu, mke wangu aliporuhusiwa kuleta ugali mlangoni na kunipigia kelele, akiwa nyuma ya mlinzi, maneno mawili: "Beko nyumbani!" Siku hiyohiyo mtu mmoja pale mlangoni alimnong'oneza kwamba faili langu linaweza kupotea, ila kupoteza faili ni kazi, na kazi ina malipo. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, faili likapotea. Nikatembea mwenyewe mpaka nyumbani.

Mdogo alinirukia. Mkubwa alibaki nyuma ya mlango wa jikoni mpaka nilipokwisha kuoga na kula. Ndipo akaja, akasimama mbali kidogo.

"Papa, nilihesabu mubaya?"

"Hapana. Ulihesabu muzuri. Yalikuwa saba."

Nilidhani hilo ndilo alilohitaji kusikia: kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Sikuelewa kwamba nilimthibitishia jambo jingine kabisa: kwamba hesabu yake ndiyo iliyonifunga. Baadaye nilimwambia kwamba safu nilizikata mimi, kwamba vichwa niliviandika mimi, kwamba angeachwa na alama zake tisa bila jina hakuna ambaye angesimama kuzisoma. Nilimwambia mara nyingi, kwa mpangilio, mpaka mama yake akaniomba niache.

Wiki iliyofuata tulihamia kambini kama wengine. Walimu wa kujitolea walifungua darasa chini ya turubai. Binti yangu alisoma, aliandika imla, alichora. Alipoulizwa hesabu yoyote alifunga mdomo na kutazama miguu yake, na hakuna kiboko wala pipi iliyomfungua. Leo ana watoto wake na meza ya vitenge sokoni. Chenji anahesabiwa na mume wake. Matembezi ya Jumapili hatukuyafanya tena. Mdogo aliyaomba mara mbili, kisha akasahau kwamba yalikuwapo.

Asubuhi moja pale hemani nilimwuliza mke wangu alilipa nini. Sikuwa nimethubutu kabla. Alipoanza kutaja, binti mkubwa aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha akatoka nje ya hema, kwenye jua. Tukamaliza sisi wawili, kwa sauti ya chini. Cherehani yake ya mkono, elfu mbili na mia sita. Baiskeli yangu, elfu moja na mia moja. Vitenge viwili ambavyo alikuwa hajavikata, mia nne na arobaini. Sinia la karanga, ambalo yule mama alikataa kulipwa mara mbili na mara ya tatu akakubali kwa sababu alikuwa na wajukuu, thelathini na tano. Jumla, faranga elfu nne mia moja sabini na tano.