Kilango cha Paka wa Bi Sindano

Jina la Sindano hakupewa kwa sababu ya cherehani peke yake. Ni kweli alikuwa fundi wa nguo, na chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa mpaka mgeni hakujua akae wapi. Lakini mafundi wa nguo mtaani walikuwa wengi na hakuna mwingine aliyeitwa hivyo. Aliitwa Sindano kwa ajili ya ulimi. Mteja akichelewa kuchukua gauni, alimwambia, "Nilidhani umeamua kupungua kwanza." Akilalamika kuwa linambana, aliambiwa gauni halina kosa, limesema kweli tu. Watu walicheka, wakalipa, wakarudi, maana mkono wake ulikuwa mzuri na matusi aliyatoa bure.

Siku ya msiba wa mama yake, ulimi huo ulichoma pabaya. Mdogo wake, muuguzi, aliyefanya kazi mbali karibu maisha yake yote, alifika mama ameshazikwa. Aliingia na sanduku lake analia, wanawake wakampisha. Bi Sindano, ambaye kwa miaka alikuwa akimgeuza mama kitandani na kumlisha kijiko kwa kijiko, alimtazama toka kichwani mpaka viatuni, kisha akasema mbele ya watu wote: "Mpisheni muuguzi apite. Kauguza dunia nzima, mamaye kauguzwa na cherehani."

Kuna waliocheka. Msibani! Hilo ndilo muuguzi hakulisahau, kwamba kuna waliocheka. Na hakuna aliyewaambia wale wachekaji kwamba muuguzi aliwahi kuomba mama apelekwe kwake, akatuma na nauli, na aliyekataa alikuwa Bi Sindano mwenyewe.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mjomba wao aliigawa nyumba: upande wa mbele wa mkubwa, upande wa nyuma, wenye jiko na chumba cha mama, wa mdogo. Muuguzi alipostaafu alikuja kukaa kwake, akaufunga kwa ufunguo mlango wa katikati, akawa anatokea uani. Tangu hapo ndugu hao wawili waliishi wakisikilizana kikohozi. Mkubwa alijua mdogo ameamka kwa mlio wa birika, na bila shaka mdogo alimjua mkubwa kwa cherehani. Salamu, hakuna.

Bi Sindano alitaka mdogo wake aseme naye. Tuliseme sisi, maana yeye hakulisema hata mbele ya kioo: alilitaka jambo hilo kuliko usingizi. Alikuwa akishona gauni la bibi harusi, mguu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani, masikio yote yako nyuma ya mlango ule. Lakini yeye ndiye mkubwa, na mdogo ndiye huja kwa mkubwa. Ndivyo walivyolelewa. Basi akangoja, na kungoja hakujawahi kumfaa mtu mwenye ulimi kama wake.

Katika mgawo wa mjomba, paka walisahauliwa. Walikuwa wawili, wa mama: Kaniki, dume jeusi lenye maringo, na Bafta, jike jeupe, mwoga wa kila kitu isipokuwa chakula. Walibaki upande wa mbele, lakini walizaliwa chini ya kitanda cha mama, na kila asubuhi waliukwaruza mlango wa katikati wakilia kama wanaodai haki yao. Ndipo Bi Sindano akapata wazo. Akamwita fundi seremala.

"Nikukatie kitundu chini ya mlango?" seremala aliuliza akijikuna shingo. "Yaani mlango ndani ya mlango? Mama, huu mlango umezaa?"

"Umezaa, na wewe ndiye mkunga. Kata. Kibao uning'inize kwa bawaba juu, kiende huku na huku."

"Na mwenzako wa upande wa pili umemuuliza?"

"Nimekuita ukate mbao, sikukuita usuluhishe."

Msumeno ulipoanza kulia, hatua zilikuja upande wa pili mpaka mlangoni, zikasimama. Bi Sindano alizuia pumzi. Neno lolote lingemtosha, hata la ugomvi. Hatua zikageuka, zikarudi zilikotoka. Seremala aliinua macho, akaona uso wa mteja wake, akaendelea kukata bila mzaha.

Watu hudhani paka hufundishwa kwa kushikwa kiuno na kusukumwa tunduni. Fanya hivyo uone. Umemfundisha jambo moja tu, kukuogopa wewe na tundu lako. Bi Sindano alikwenda kifundi. Kwanza alikiinua kibao na kukifunga kwa uzi, tundu likabaki wazi, akaweka vichwa vya samaki kizingitini. Walipozoea kupita, akaning'iniza kitambaa chepesi, akikishusha kidogo kidogo kama mtu anayekunjua pindo la sketi ya mtoto anayekua. Paka wakajifunza kuwa kitu kikigusa uso si lazima kiwe adui. Kitambaa kilipofika chini ndipo akakifungua kibao, kwanza nusu, kisha chote.

Bafta alifuzu mapema, tumbo likimwongoza. Kaniki alikaa mbele ya kibao akimtazama Bi Sindano, kama bwana mkubwa anayengoja afunguliwe. "Mimi si mtumishi wako," Bi Sindano alimwambia. "Tumia kichwa. Unacho kikubwa bila kazi." Alipiga magoti sakafuni na magoti yake mabovu, akigonga kibao kwa kidole, akimbembeleza kwa sauti ambayo hakuna mteja wala ndugu aliyewahi kuisikia. Hakumharakisha, hakumchoma kwa neno. Subira yote aliyonyimwa kila mtu, Kaniki aliipata. Na siku dume lile lilipoinamisha kichwa na kupita, Bi Sindano alipiga makofi peke yake chumbani.

Muda si mrefu paka walianza kurudi na harufu ya mafuta ya nazi, yale muuguzi aliyopaka mikononi tangu usichana. Wakarudi na maziwa kwenye masharubu. Bi Sindano aliwanusa kama mtu anayesoma salamu. Akatafuta masalia ya gauni la mwisho alilomshonea mama, la maua madogo ya samawati, akakata ukanda, akaushona vizuri, akamvisha Bafta shingoni. Bafta akaenda. Akarudi shingo tupu.

"Kaupokea!" Bi Sindano aliiambia cherehani.

Muuza maziwa, mama mmoja mnene aliyepita kila asubuhi pande zote mbili za nyumba, ndiye aliyeleta habari. "Mdogo wako siku hizi anachukua maziwa mara mbili. Anasema ana watoto."

Bi Sindano alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha mteja.

"Dada," muuza maziwa alisema, ameweka chini ndoo yake, "mimi ni mpita njia, na ndugu wakigombana nachukua jembe nikalime. Lakini si upige hodi tu? Huu hapa mlango. Paka wamekutangulia."

"Mimi ndiye mkubwa. Nipige hodi nyumbani kwa mama yangu? Yeye ndiye atakayekuja. Amebakiza kidogo tu."

"Nani kakuambia?"

"Harufu ya paka."

Muuza maziwa alibeba ndoo yake, akaenda zake akitikisa kichwa.

Jioni moja Bafta alipita kwenye kilango na hakurudi. Kesho yake Kaniki naye. Bi Sindano aliweka samaki, akagonga kibao, akaita. Akawasikia. Walikuwa pale pale, upande wa pili, wakikisukuma kibao kwa vichwa, kibao kikigota na kukataa. Alipopiga magoti na kutazama, aliona kipande cha mti kimepigiliwa kizingitini, upande wake yeye wa kibao. Ukikisukuma kutoka kwake kilikwenda. Ukikisukuma kutoka kwa mdogo wake kiligonga ule mti kikakwama. Paka waliweza kwenda, kurudi hawakuweza. Aliijua kazi ile ya misumari, maana mwenye mkono ule alikuwa mmoja tu mtaani. Wala hakukumbuka kuvaa viatu vya jozi moja. Alifika karakana ya seremala na ndara moja na kiatu kimoja.

"Umenifanyia nini?"

"Mama, taratibu. Ulikuwa umekwenda kununua nyuzi. Mdogo wako kaniita, nikafanyia kwake, nikapitisha mkono. Mteja ni mteja."

"Ameniibia paka!"

"Hakuiba." Seremala aliweka randa chini. "Nilimwambia, kama huwataki paka wa watu, nizibe tundu lote yaishe. Akasema, 'Usizibe. Akiwakosa atawafuata. Nitakuwa nimeacha mlango wazi.' Ndivyo alivyosema. Ufunguo ameshauzungusha, Mama. Mlango wenu haujafungwa tangu juzi."

Mwingine angelia kwa furaha pale pale katikati ya maranda. Hata Bi Sindano, kwa hatua chache za kwanza akirudi nyumbani, moyo ulimwenda mbio kama wa msichana. Mdogo wake anamtaka! Kisha, alipofika kona ya duka la nyuzi, likamjia wazo jingine, na wazo hilo ndilo lililommaliza. Kwa hiyo ameniwekea chakula upande wa pili, alijiambia. Mimi. Anikalie kimya nizoee, kisha aninase kwa maziwa, nipite kichwa chini. Amenifundisha kama paka. Na kazi hiyo amejifunza kwangu!

Alifika nyumbani amefura. Hakushika kitasa. Kumbuka mlango ulikuwa wazi, na alijua kuwa uko wazi. Kusukuma tu, mtoto angeweza. Badala yake alichukua koleo, akapiga magoti, akaanza kung'oa misumari ya kile kipande cha mti. Paka wakasikia, wakaanza kulia. Msumari wa kwanza ulitoka kwa kelele.

Upande wa pili kiti kilisogezwa. Hatua zikaja, taratibu, hatua za mtu aliyezeeka pia. Zikasimama. Halafu sauti ikashuka, karibu kabisa na kibao, kwa maana naye alikuwa amepiga magoti.

"Dada?"

Bi Sindano aliacha kung'oa, koleo mkononi.

"Dada, ni wewe?"

Lilikuwa lile neno. Mdogo ameanza, kama ilivyotakiwa, na mkubwa amebaki mkubwa. Kati yao palikuwa na kibao chembamba ambacho hata Bafta mwoga hakukiogopa tena. Neno la kujibu lilikuwa fupi. Angeweza kusema "Ndiyo." Angeweza kusema "Mimi." Alitaka kusema nisamehe, Mungu anajua alitaka, na mdomo ulishafunguka. Lakini hasira ya kona ya duka la nyuzi ilikuwa bado imo, na ulimi ulikuwa na mazoea yake.

"Ulidhani nani?" alisema. "Mama? Huyo ulishamchelewa."

Alilisikia likitoka. Alilisikia kama linasemwa na mwanamke mwingine, mbaya, asiyemjua, na akanyoosha mkono kwenye kibao kana kwamba angelishika kabla halijafika. Lilikuwa limefika. Upande wa pili hapakuwa na kilio wala tusi. Palikuwa na mtu anayejiinua kutoka magotini kwa shida, akishikilia mlango. Kisha ufunguo ukazunguka.

"Mdogo wangu," Bi Sindano aliita. "Mdogo wangu, sikiliza. Sikukusudia. Fungua."

Alikigonga kibao kwa kidole, akabembeleza kwa ile sauti yake ya chini. Kikapita kichwa cha Kaniki, kwa kuwa ule mti ulikuwa umelegea. Akapita mwili mzima, akaja akamsugua magoti, akaenda kwenye samaki wake. Bi Sindano hakumtazama. Alilaza shavu sakafuni, akakiinua kibao, akaona miguu ya meza, bakuli la maziwa, na pindo la gauni likiondoka.

Akalia. Alilia kwa sauti, kusudi asikike, mtu mzima na nywele zake nyeupe, mdomo kwenye tundu la paka. Upande wa pili redio ilifunguliwa, ikaongezwa sauti.