Mama Mwenyeji wa Mkorea

Jirani yule hagongi mlango. Huita kutoka langoni, mtaa mzima wa Dallas hapa Embu usikie, huku akipangusa mikono kwenye leso isiyojua pasi. Ndiye aliyepewa msichana wa Kikorea aliyekuja Embu kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, ikaachwa nyumba ya pili, ya mwalimu mjane, yenye vitambaa vyeupe vitini na jina zuri la marehemu mumewe. Mwaka mzima mjane alichungulia juu ya ua, akaona vile vidole vinene vikimfundisha mgeni kuponda mukimo wa viazi na mahindi, vikimsuka, vikimpiga bega. “Kula, mwanangu! Ukirudi mwembamba, si watasema Embu tuna njaa?” Naye msichana huitika, “Ndio, mami.” Mami!

Asubuhi ya mgeni kuondoka, Tabby, binti wa mjane, alikuwa anasafiri naye, kwenda kusoma Korea kwa mpango uo huo. Mamake alishampa mkono na neno moja: “Usituaibishe.” Jirani alishika viganja vya Mkorea, akavitemea mate ya baraka, kama wazee wa zamani. Mjane akafumba macho kwa aibu. Alipofumbua, mgeni alikuwa amekunja ngumi, hataki tone limponyoke, na nyuma yake Tabby amesimama, viganja wazi.

“Na mimi, mami.”

Jirani akamgeukia mjane. “Mwalimu, huyu ni wako. Mbariki wewe.”

Mjane akasogea, akainamia viganja vya bintiye, na kinywani mwake hamkuwa na mate.