Mtawa wa Kaa: subclass ya moto niliyoitunga nikiuza makala (mkaa) Ndosho

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Siku ile tulikuwa wanne, nawataja wote ili asitokee wa kusema nimebuni. Patient, mwanafunzi wa chuo, ndiye msimulizi wa mchezo wetu. Kambale, fundi mbao kutoka Butembo. Bahati, mdogo wangu. Na mimi dada yake mkubwa, wanayeniita Yaya, muuza makala.

Mchezo wenyewe ni ule wa mezani: kila mmoja ana shujaa wake kwenye karatasi, msimulizi analeta hatari, dadu zinaamua. Dadu zetu alizichonga Kambale. Meza yetu ni mlango ambao mteja hajaja kuuchukua. Tunacheza Jumapili baada ya misa.

Mimi niliacha shule mwaka wa tano wa primaire, vita vilipowachukua wazazi wetu kule Kalengera. Bahati nimemlea mimi, na amesoma. Lakini miezi mitatu nilikaa naandika subclass, yaani aina mpya, ya mtawa, yule mpiganaji wa mikono mitupu. Wangu anapigana kwa moto.

Ila hawezi kuuwasha mwenyewe.

Lazima aombe kaa kwa mwenzake. Mwenzake anapungukiwa alama mbili za uhai, na ngumi za mtawa zinawaka kwa mapigo matatu. Kabla ya kulala lazima arudishe kaa lile, na mwenzake anarudishiwa uhai wake.

Patient alisema wazi: mtawa akishinda pambano la leo, anaingia kwenye daftari kubwa la sheria zetu. Akishindwa, karatasi irudi nyumbani kuwashia makala.

Akasoma. Akacheka.

"Yaya, règle yako iko na shimo. Na mwenzake akikatala?"

"Akatale nini?"

"Moto."

"Nani anakatalaka mutu moto?"

Walicheka sana. Lakini kweli wakuu, jambo hilo halikunijia kabisa. Kwetu ukiamka mbabula yako, jiko la makala, imezimika, unaenda kwa jirani, anakupa kaa, unaondoka. Hakuna anayeuliza.

"Basi tuone," Patient akasema, akatutolea zimwi la mawe.

Shujaa wa Bahati ni mpiga upinde, amemcheza miaka miwili. Haraka sana akabaki na alama mbili, mishale imeisha. Nikamwomba Kambale kaa.

"Ah, Mama Makala! Bei imepanda. Niko na alama tatu tu. Nakatala!"

Karatasi yangu haikusema lolote kuhusu hilo. Mtawa wangu akasimama pale na ngumi baridi.

Bahati akasukuma karatasi yake kwangu. "Yaya, kamata ya kwangu."

"Utaanguka."

"Kamata tu."

Mpiga upinde akaanguka, alama sifuri. Nikarusha dadu. Pigo la kwanza likakosa. La pili likavunja goti la zimwi. La tatu niliipuliza dadu hadi Kambale akauliza kama naipikia. Ikatoka namba ya juu kabisa, zimwi likaporomoka.

Patient akaanza kukunja karatasi ya Bahati. "Huyu amekufa, pole."

"Ngoja. Soma mustari wa mwisho."

Kabla ya kulala. Nikarudisha kaa, mpiga upinde akaamka na alama zake mbili.

Patient aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha akafungua daftari kubwa, akaandika kwa kalamu ya bic jina la mtawa, na chini yake jina langu kamili, hadi la baba. Tangu rejista ya mwaka wa tano hakuna aliyeniandika hivyo. Nilijisikia mrefu kuliko ule mlango ukisimamishwa.

Nilichojifunza: maisha uliyopitia yanatosha kutungia kitu, usingoje diploma. Patient bado anataka niongeze sheria ya kukataa. Nimegoma. Ninyi mnaonaje? Andikeni hapa chini, hata wanaonipinga.

Nimegoma kwa sababu moja. Tulipokimbia vita tulikaa kambi ya Kibati, chini ya plastiki. Jirani yetu Mama Sifa, mkimbizi kama sisi, kila asubuhi alinipa kaa juu ya kifuniko cha sufuria yake, hata siku alizobaki na makala machache ya kuhesabika. Asubuhi ya mwisho nilikuwa nimelibeba risasi zilipoanza. Tukakimbilia Goma, yeye sijui alipita wapi.

Kifuniko chake bado ninacho. Kaa lake sijalirudisha.