Vitabu Tisa Vizima

Wanaomjua leo wanamjua kwa jina la Bi Gundi, fundi wa kujalidi vitabu, mwenye duka finyu nyuma ya posta na vidole ambavyo haviachi kunata hata siku ya harusi. Ofisi zote za mji humpelekea madaftari yao yaliyochoka, na zote hulalamika kwamba ana mdomo. Kweli anao. Ukimletea kitabu kilichochanwa atakuuliza nani kakichana, na ukijitia hamnazo atakusukumia kitabu chako ukatafute fundi mwingine, naye anajua vizuri kwamba fundi mwingine hakuna. Wengine husema ni ukali wa mtu ambaye hakukanyaga sekondari. Hilo la kutokukanyaga ni kweli, ila hawaulizi ilikuwaje.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mji ulikuwa na shule mbili. Ya watoto wa Kizungu ilikuwa kilimani, ina kengele ya shaba na vioo madirishani. Ya watoto weusi ilikuwa bondeni, jirani na machinjio. Nayo ilikuwa na madirisha, lakini vioo vyake vilikuwa bado njiani, mwaka wa tisa sasa. Kila mwaka wa masomo ulipoisha, vitabu vilivyochakaa vya kilimani viliteremshwa bondeni kwa mkokoteni, na mwalimu alitakiwa kuwapanga watoto mstari wavipigie makofi. Makofi, tena kwenye jua la saa sita.

Watoto wa kilimani nao walikuwa na mchezo wao. Siku ya kufunga shule, wakijua vitabu vinakokwenda, walichana kurasa wakatengeneza ndege za karatasi, na walimu wao walisimama kibarazani wakicheka. Ndege nyingine zilifika hadi barabarani. Binti huyu, mtoto wa fundi viatu, alikuwa akipita na kiatu cha mteja wa baba yake mkononi akaokota moja. Ilikuwa ukurasa wa hesabu za sehemu. Aliukunjua, akausoma wote pale pale, na hasira iliyompanda siku ile anasema mwenyewe haijashuka.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mtihani wa kuingia sekondari. Kwa watoto wa bondeni nafasi zilikuwa mbili tu. Binti alikuwa wa kwanza darasani, na moyoni alishaivaa ile sare. Lakini vitabu vya hesabu vilivyoletwa vilikuwa thelathini na sita, wanafunzi nao thelathini na sita, na hapakuwa na kizima hata kimoja.

Alivikagua siku tatu. Akaona kwamba havikuchanwa vyote mahali pamoja: kilichokosekana humu kilikuwemo mle. Akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, tuvifumue vyote."

"Tufumue nini?"

"Vitabu. Nitavishona upya. Tutapata vichache, lakini vizima."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, aliyeogopa kila barua yenye mhuri. Alikuna kichwa, akatazama nje, akasema kwamba yeye Jumamosi hatakuwepo, na kwamba ufunguo huwa anausahau juu ya fremu ya mlango.

Jumamosi walikuja watoto kumi na mmoja. Binti alileta msharasi wa baba yake wa kutobolea ngozi, uzi uliopakwa nta na sufuria ya gundi ya unga. Kabla ya kufumua kitabu, aliandika kwenye daftari lake kurasa ambazo hazimo. Kisha wakakata mishono na kutandaza kurasa sakafuni kwa namba, mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Mmoja alipiga chafya, wakaanza upya, nusura apigwe. Jioni vilikuwepo vitabu tisa vizima, vimevikwa majalada mapya ya mifuko ya saruji. Watoto wanne kitabu kimoja, si haba. Majalada ya zamani, yaliyoliwa na mende, wakayapeleka jikoni, na Jumatatu mpishi akayawashia moto.

Hapo ndipo walipojiponza. Hawakujua, na wangejuaje, kwamba ofisi ya elimu haihesabu kurasa. Inahesabu majalada. Mkaguzi, Mzungu mwembamba mwenye kalamu nyekundu mfukoni, alikuja wiki mbili kabla ya mtihani, akafungua kabati, akahesabu tisa. Laiti wangeyapanga mle yale majalada matupu, angetia sahihi akaenda zake kula.

"Vitabu ishirini na saba viko wapi?"

Binti akasimama.

"Vimo humo humo, bwana. Nilivishona mimi."

Mkaguzi hakuvifungua. Alitoa amri: Ijumaa asome mbele ya shule nzima barua ya kuomba radhi, akiri kwamba ameharibu vitabu vizuri walivyopewa kwa wema. Akikataa, jina lake linafutwa kwenye orodha ya mtihani.

Nyumbani baba yake alikuwa na kiatu gotini na misumari mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa misumari mmoja mmoja.

"Ni maneno tu, mwanangu. Yaseme, upite. Mimi nayasema kila siku."

"Baba, nikisema nimeharibu mimi, wao watakuwa hawajaharibu."

Kwenye rafu nyuma ya mzee palikuwa na viatu vyeusi vya kike, vipya, ambavyo alikuwa akivishona kidogo kidogo kila alipopata ngozi nzuri, na kila mtu nyumbani alijua ni vya kwendea sekondari. Alivitazama, akamtazama mtoto.

"Basi usiseme," alisema, akairudisha misumari mdomoni.

Ijumaa mkaguzi aliketi mbele, mguu juu ya mguu. Binti alisimama na daftari lake. Aliogopa, tusidanganyane. Akapiga moyo konde, akasoma.

"Kitabu cha kwanza. Kurasa za kumi na moja hadi ishirini na sita hazimo. Zilichanwa kabla hazijatufikia. Kitabu cha pili. Kurasa za arobaini na moja hadi hamsini na nne hazimo. Zilichanwa kabla hazijatufikia. Kitabu cha tatu..."

"Inatosha," alisema mkaguzi.

"Bado thelathini na vinne, bwana."

Akaendelea. Kufika cha saba, watoto wa nyuma walianza kuitikia naye, "zilichanwa kabla hazijatufikia," kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, na midomo ya mwalimu, yule mwoga wa mihuri, nayo ikawa inacheza. Mkaguzi alichomoa kalamu nyekundu, akafuta jina. Binti alimwona akilifuta. Alisoma mpaka cha thelathini na sita ndipo akakaa.

Alilia siku mbili, kilio cha kwikwi, kwa sababu alikitaka kile chumba cha mtihani kuliko kitu chochote duniani. Siku ya tatu alinawa uso, akaomba karatasi kwa mwenzake wa dawati.

Mtihani ulipofika alivaa sare yake ya bondeni, akaja. Karatasi zilizopigwa chapa zilikuwa za watoto wa kilimani. Wa bondeni waliandikiwa maswali ubaoni, na ubao huo ulionekana wazi kutoka nje, dirishani. Akakaa chini barazani, ubao wa kukatia ngozi wa baba yake magotini, akaandika kama wenzake.

Kengele ilipolia aliingia, akaiweka karatasi yake mezani pamoja na zao. Mkaguzi, aliyekuja kusimamia mtihani, aliishika kwa ncha za vidole. Pengine alitaka kuitupa, lakini macho yake yaliangukia swali la kwanza, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni kuchukua kalamu. Alishuka nayo taratibu. Kwenye swali la saba alirudi juu, akahesabu kimoyomoyo, akashuka tena hadi mwisho. Kalamu haikugusa karatasi, na darasa zima lilikuwa linamtazama.

"Huyu hayupo kwenye orodha," alimwambia mwalimu.

"Nipo," alisema binti. "Na kosa umelitafuta, hukuliona."