Niliandaa pombe ya msiba wa mume wangu akiwa bado hai, akasikia harufu

Wakuu, marahaba kwa wote wadogo kwangu. Kama humu yuko anayenizidi umri, shikamoo yake, ila sidhani.

Naona wengi wenu mnauliza, hospitali ikisema mgonjwa arudi nyumbani basi, mfanyeje. Nina langu moja. Ni la kweli, majina ninayo yote, na baadhi ya wenye majina wapo hai hapa Songea. Nikidanganya watanisuta.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba ndiyo inajaa sokoni, kila mtu mtaani kwetu Mjimwema anavaa koti la Mzungu asiyemjua.

Mume wangu Gervas, baba Otilia, akaota uvimbe tumboni. Wakampasua, wakaangalia, wakamfunga. Daktari akaniita pembeni: "Mama, huyu kamuuguzeni nyumbani."

Mimi ni darasa la nne, lakini hiyo niliielewa.

Waliomtoa kwenye gari kumwingiza ndani ni majirani, Gaudensi, Method, Osmundi na Yusufu fundi cherehani. Yusufu akakanyaga kuku wangu. Kuku alipona.

Tukapewa nesi wa kuja nyumbani Jumanne na Ijumaa, anaitwa Skolastika. Mfupi, na baiskeli ya kiume, mpaka atafute jiwe ndipo aipande. Mimi nikadhani anakuja kwa ajili ya mgonjwa tu.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Sikumwambia Gervas maneno ya daktari. Kwetu ukimwambia mtu atakufa, ni kama umemwombea. Na yeye hakuniuliza. Basi nikawa naogopa kuingia chumbani, maana nikimtazama tu machozi yanatoka. Naweka uji, natoka. Naweka maji, natoka. Kutwa niko jikoni nasugua sufuria ambazo ni safi tayari.

Huko jikoni nikaanza kupanga msiba.

Viti vya sebuleni nikavihamishia kwa jirani, Mama Hawa, ili waombolezaji wapate pa kutandika mikeka. Suti yake nikaifua, nikaipiga pasi. Halafu nikaloweka ulezi.

Kwa wasiojua, huo ulezi unaufunika mpaka uote, unaanika, unasaga, ndiyo kimea cha kupikia komoni. Komoni ni pombe yetu, na haiivi kwa siku moja. Ukoo wa Gervas wangemaliza kuzika wasiikute, wangenisema mpaka leo. Wifi yangu Apolonia ndiyo usiseme.

Tatizo ni kwamba Gervas aliipenda komoni tangu ujana, na ugonjwa haukugusa pua yake.

Ijumaa moja Skolastika anamsafisha kidonda, mimi niko jikoni, nasikia naitwa.

"Mama Otilia."

"Abee."

"Hicho kimea cha nani?"

Nikachukua sufuria nyingine, nikasugua.

"Nauliza kuna sherehe gani hapa? Na viti vyangu viko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya muda Skolastika akaja jikoni. Nikajua nagombezwa. Akavuta kigoda, akautazama ulezi, akanitazama mimi.

"Mama, mara ya mwisho umekula lini?"

Wakuu, mimi ninayemkumbuka hadi kuku aliyekanyagwa na Yusufu, sikukumbuka nimekula lini. Nikaanza kulia. Hakunikataza. Alinipashia uji, akangoja nimalize kikombe.

Akasema, "Wewe umeshaanza kufiwa. Wanaouguza wengi huwa hivyo, mgonjwa yupo lakini moyo umetangulia makaburini. Si uchuro, wala si dhambi. Ila unamlilia huku, na mwenzio yuko kule peke yake, naye anajua."

"Anajua?"

"Aliniuliza wiki iliyopita. Akasema nisikuambie, utaumia. Leo ndiyo kaniruhusu."

Nilicheka na kamasi juu. Watu wazima wawili, nyumba moja, kila mtu anamficha mwenzake kitu kile kile.

Skolastika akapanga mambo palepale. Apolonia awe anakaa na kaka yake asubuhi ili mimi nilale. Kwenye sala za jumuiya niendelee kwenda. Akanionyesha namna ya kumgeuza bila kuvunja mgongo wangu. Nikamwuliza, sasa nikiingia niseme nini?

"Mwambie unaogopa. Ukikosa neno, kaa tu, usikimbie."

Akanisindikiza hadi mlangoni, akanisukuma kidogo.

"Baba Otilia," nikasema, "kimea ni chako."

"Nimeshajua. Umeloweka kiasi gani?"

"Debe moja."

"Debe moja, kwa ukoo wangu? Unataka kuniaibisha."

Tukacheka, tukalia, tukacheka tena. Siku ile tuliongea hadi sauti yake ikakauka. Azikwe wapi, nani achukue baiskeli yake, na lile kosa lake la zamani ambalo sitaliandika hapa. Niliogopa bado, ila sasa tulikuwa wawili.

Mwisho akasema, "Basi ipike. Nataka niwaone wakinywa."

Nikaongeza debe la pili. Viti vikarudi, akakalishwa uani na blanketi, ndugu na majirani wakaja. Skolastika alimruhusu kijiko kimoja. Akaonja, akakunja uso: "Mama Otilia, umeiharakisha."

Akaishi wiki mbili na siku chache. Msibani watu walikunywa chai, maana komoni ilikwisha na mwenyewe akiwepo. Apolonia alinuna hadi arobaini.

Siku anaondoka nilikuwa nimekaa kitandani kwake, namsimulia kisa cha mtoto wa Method aliyekwenda kuoa kule Nakapanya akarudi na mke ambaye siye. Akakata roho katikati ya habari.

Nikaimalizia yote, ndipo nikaita watu.

Nilichojifunza: anayeuguza naye ana ugonjwa wake, na nesi mzuri anauona. Mkipata wa namna hiyo mwambieni ukweli wenu, msimwonyeshe kidonda cha mgonjwa tu. Na usimfilisi mtu siku zake za mwisho kwa kumlilia jikoni.

Nanyi mliouguza, mlianza kulia lini, kabla au baada? Andikeni. Nasoma polepole lakini nasoma zote.