Ukoko wa Cheptanui

Miaka ishirini na sita Cheptanui aliwapikia wanafunzi wa shule ya bweni, na hata nyumbani kwake Kiamunyi hakuwahi kula akiwa ameketi na wageni. Chakula chake kilikuwa ukoko, akikwangua sufuria amesimama jikoni, wenzake sebuleni wakichokoa meno.

Kwa hiyo bintiye Kimberly alipopendekeza sherehe ya sushi, kila mtu ajikunjie wali na samaki ndani ya mwani mkavu, mama alifoka. "Mgeni ajipikie kwangu? Nitaitwa mchoyo!" Hatimaye akakubali, ila samaki mbichi aliwakataa katakata, akakaanga tilapia.

Jumamosi mchana, rafiki zake wanne wa kanisani waliizunguka meza, kila mmoja na kijamvi chake cha kukunjia. Wa kwanza kukunja alikuwa mmoja wao, jirani yake Wamuyu. Mwani ukapasuka, wali ukamwagikia mapajani. Wote wakaangua kicheko.

Cheptanui akainuka kumsaidia.

"Keti, Mama Kimberly," Wamuyu akamwambia.

Akaketi. Punde akainuka tena, eti analeta chai.

"Keti!" wakasema wote.

Akaketi amenuna, mikono ikimwasha kwa kukosa kazi, hadi akaamua kukunja wake. Ulitoka mnene kama gunzi la mahindi. Akauma. Akakunja mwingine. Akamcheka Wamuyu mpaka machozi.

Jioni, baada ya kuwasindikiza wageni, aliingia jikoni kwa mazoea, akashika kijiko, akafunua sufuria. Ukoko ulikuwepo. Akaduwaa na kijiko mkononi: alikuwa ameshiba.