Baraza Iliyong'aa Ilivyotuangusha Mimi na Wakwe

Kosa ni langu, jamani, simsingizii shetani. Nilikuwa nikijigamba kwamba hakuna la dunia hii litakalonishangaza mimi. Shule niliacha darasa la tano, nikaanza na mkokoteni wa maji Ukunda, leo nina maduka na nyumba yangu. Nani wa kunifundisha?

Tulipomwaga zege la baraza, fundi akaniuliza juu aimalizeje. Nikamwambia, "Ing'ae! Mtu akiinama azione ndevu zake!"

Mke wangu akadakia. "Baba Rehema, hapo pana bomba, ndipo watu watiapo udhu. Mwambie apitishe fagio la chelewa saruji ingali mbichi, ipate mikwaruzo ya kushika mguu."

"Fagio? Kwani najenga zizi la mbuzi?"

Basi iking'aa! Nikiipiga deki mwenyewe, wallahi, mwanamume mzima.

Siku ya posa ya binti yetu Rehema wakaja wazee kutoka Msambweni. Aliyewaongoza ni ami yake mchumba, ndiye mwenye kauli. Maneno hayajaanza, ikaadhiniwa adhuhuri. Wakatia udhu pale bombani, maji yakatapakaa baraza nzima.

Ami akasita. "Bwana, hapa hapatelezi?"

"Patateleza vipi, mzee wangu? Nifuate mimi!"

Lo! Miguu ikanitoka. Nikashika nilichokipata, kumbe kanzu ya ami! Chini sote wawili, mimi kifudifudi, yeye mgongoni kwangu. Ndevu zangu nikaziona sawasawa.

Mkono wake ukavunjika. Wakambeba hospitali, na posa isitajwe tena. Rehema akajifungia chumbani akilia.  Mama yake akaleta fagio tu, akaliegemeza ukutani mbele ya kiti changu.

Nikaenda Msambweni na mbuzi, kichwa chini, kuomba radhi. Ami, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akaniambia, "Na bintiyo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na sakafu yako. Itengeneze, nije niikanyage, ndipo tuzungumze."

Nikaivunja yote, ikamwagwa upya. Safari hii fagio nililipitisha mwenyewe, fundi akicheka pembeni. Ami akaja, akaagiza imwagiwe maji, akasugua wayo mara mbili tatu, akanitazama. "Haya. Mwiteni binti."

Nyinyi mnaojenga, msinifuate mimi! Nje panyeshapo mvua na watu watiapo udhu, usitake kioo. Msikilize mkeo.

Fagio lilikuwa la mke wangu, sikulinunua. Matibabu, mbuzi, kuvunja na kumwaga upya: shilingi elfu tisini na tatu, mia sita na hamsini.